Ukihamia Bodø, usianze na Roma

Kila Mswahili anayefika Bodø, kaskazini mwa Norway, na kugundua kuwa hapa ndipo nyumbani kwa klabu ya mpira ya Bodø/Glimt huja na swali lilelile: "Hivi ile mechi ya Roma ulikuwepo?" Namuelewa. Tarehe 21 Oktoba 2021, timu ya mji wa watu elfu hamsini na ushei, mji uliopita mstari wa Aktiki, iliichapa Roma ya Italia, chini ya kocha José Mourinho, 6-1, na tangu siku hiyo jina lake linatajwa mpaka kwenye vibanda umiza vya Dar. Kama unahamia huku, iwe kwa masomo, kwa kazi, au kupitia Umoja wa Mataifa kama ndugu zetu wengi kutoka Kongo, ushauri wangu ni mmoja: Roma iweke pembeni kwanza. Waulize wenyeji kuhusu 1975.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna mzee mmoja ambaye kwa miezi mingi hakuwahi kunipa neno zaidi ya "asante" na "si sasa hivi". Siku moja jioni tulikuwa na mechi kwenye televisheni, nikamuuliza kwa Kinorwe changu cha kuungaunga: "Mwaka 1975 wewe ulikuwa wapi?" Akaweka kikombe mezani. "Ullevaal," akasema, yaani uwanja wa taifa. "Nilimwachia mke wangu mtoto mchanga nikaenda Oslo. Alininunia mpaka Krismasi." Kisha akaomba kalamu, akaanza kunipangia kikosi kwenye karatasi ya kufutia mikono, akianza na jina la Harald Berg. Chakula cha usiku kilipoa. Mwenzangu wa zamu alikuja mara mbili kuchungulia kuna nini.

Sasa ili uelewe kwa nini mwaka huo unamfungua mtu mdomo, lazima urudi nyuma. Klabu ilianzishwa 1916 ikiitwa Glimt tu. Jina la mji liliongezwa mwaka 1948. Lakini miaka yote hiyo klabu za Norway ya kaskazini hazikuruhusiwa kucheza Kombe la Norway. Ndiyo, umesoma sawasawa: nchi moja, chama kimoja cha mpira, na kombe linaloitwa la nchi nzima, lakini watu wa kaskazini hawamo. Waliruhusiwa mwaka 1963. Ligi kuu ndiyo kabisa, walisubiri mpaka 1972. Sababu iliyotolewa ni kwamba kiwango chao kilikuwa cha chini. Utajuaje kiwango cha mtu usiyekubali kucheza naye, hilo hakuna aliyenijibu mpaka leo.

Hata mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa nusu. Daraja la pili liligawanywa makundi matatu, mawili ya kusini na moja la kaskazini. Bingwa wa kundi la kusini alipanda moja kwa moja. Bingwa wa kaskazini alitakiwa kwanza apite kwenye mchujo dhidi ya walioshika nafasi ya pili huko kusini. Glimt wakawa wanatamba kwao na kukwama kwenye mchujo. Katikati ya hasira hiyo, mwaka 1975, wakiwa bado daraja la pili, wakaenda Oslo na kuifunga Vard ya Haugesund 2-0 kwenye fainali. Kombe ambalo miaka kumi na mitatu nyuma yake hawakuruhusiwa hata kuligombania likapanda kaskazini kwa mara ya kwanza. Ligi kuu wakaja kuipata kwa msimu wa 1977, na mwaka huohuo wa kwanza wakamaliza wa pili na kufika fainali ya kombe. Kote kuwili waliowazuia ni Lillestrøm.

Wazee wa huku watakuambia pia habari za matangazo ya vyumba vya kupanga Oslo baada ya vita, yaliyoandikwa kwamba watu wa kaskazini hawatakiwi. Wewe mwenye jina la kigeni uliyewahi kuambiwa chumba kimeshachukuliwa, na kesho yake ukaona tangazo bado lipo, hapo huhitaji mkalimani. Ndiyo maana nasema anza na 1975. Mtu wa hapa akikusimulia alivyobaguliwa na wenzake wa kusini, na wewe ukawa na lako la kumsimulia, mmeshakuwa watu wawili wanaozungumza. Ukimuuliza Roma, atakujibu kama anavyowajibu waandishi wa habari, kwa sentensi zilizokwishachakaa.

Jambo la pili: yajue masika yao na kiangazi chao. Ushabiki wa ushindi peke yake hapa haukupeleki mbali, kwa sababu wenzako kazini wameshuka na kupanda na hii timu kuliko lifti. Miaka ya 80 iliangukia daraja la tatu. Ikarudi ligi kuu, na mwaka 1993, ikiwa ndiyo kwanza imepanda chini ya kocha Trond Sollied, ikashika nafasi ya pili na kubeba kombe tena. Ikashuka 2005. Ikashuka 2009, na baada ya hapo hali ya fedha ikawa mbaya kiasi kwamba wachezaji walikaa bila mishahara na watu wa mji wakachangishana ili klabu isife. Ikashuka tena 2016. Mtu wa miaka hamsini na ushei hapa ameyaona yote haya kwa macho yake. Ukiingia ofisini na jezi mpya ya manjano ukisema "tumetoka mbali", atatabasamu, lakini moyoni ana lake.

Kipindi cha baada ya 2016 ndicho kinachonivutia zaidi, na hapa niruhusu nirefushe kidogo. Mwaka 2017, wakiwa daraja la pili, walimchukua Bjørn Mannsverk, rubani wa ndege za kivita kutoka kambi ya jeshi la anga ya hapahapa mjini, awe mshauri wa akili za wachezaji. Rubani! Mpira hakuwa na habari nao. Alichowafundisha ni kukaa kimya na kupumua, kusema wazi wanachoogopa, na kuacha kuzungumzia matokeo. Kiungo Ulrik Saltnes alikuwa akisumbuliwa na tumbo kila mechi inapokaribia mpaka akafikiria kuacha mpira. Alibaki, akawa mhimili wa timu. Ukitazama mechi utawaona wakifungwa bao wanakusanyika duara, wanazungumza, kisha ndiyo mpira unaendelea. Ukikaa na wenyeji uwanjani, usipige kelele za kulaumu muda huo.

Kjetil Knutsen, mtu wa upande wa Bergen, alikabidhiwa timu 2018. Msimu wake wa kwanza alimaliza wa 11, na hakufukuzwa. Narudia kwa ajili ya viongozi wa klabu zetu wanaotimua makocha kabla embe hazijaiva: wa 11, na hakufukuzwa. Mwaka 2019 akawa wa pili. Mwaka 2020 akatwaa ubingwa kwa pointi 81 na mabao 103 katika mechi 30, pointi 19 mbele ya Molde. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa ligi kwenda kaskazini, na ulikuja wakati wa korona, viwanja vikiwa karibu vitupu. Watu waliosubiri maisha yao yote waliuona kwenye televisheni. Hilo nalo ni swali zuri la kumuuliza mtu, ukishazoeana naye. Yaliyofuata unayajua: ubingwa wa 2021, 2023 na 2024, nusu fainali ya Europa League mwaka 2025 ambayo hakuna klabu ya Norway iliyowahi kuifikia, wakatolewa na Tottenham, kisha Ligi ya Mabingwa.

Ukoo wa Berg uujue pia, maana bila huo hutaelewa mazungumzo. Harald wa 1975 ni baba wa Runar na Ørjan, ambao nao waliichezea timu. Ørjan ndiye baba wa Patrick, nahodha, aliyefunga bao mojawapo siku ile ya Roma, akaenda Lens ya Ufaransa mwaka 2022 na kurudi nyumbani mwaka huohuo. Ukisema "Berg" peke yake utaulizwa yupi.

Kuhusu kwenda uwanjani. Aspmyra ni mdogo, unachukua watu elfu nane hivi, na tiketi za mechi kubwa ni vita. Kabla ya mechi ya Tottenham shabiki mmoja aliripotiwa kuipata tiketi yake kwa kutoa kilo tano za nyama ya kulungu wa huku kaskazini. Wewe anza na mechi za ligi dhidi ya timu ndogo. Ligi inaanza kuelekea Aprili na kwisha mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo Juni utatazama mpira saa nne usiku jua likiwa bado linakuchoma macho, na Novemba utatafuta vidole vyako. Baridi yenyewe inavumilika. Kinachoumiza ni upepo wa baharini. Vaa sufu ndani, koti lisilopitisha upepo juu, na buti za namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie. Ukiona watu wazima wamebeba mswaki wa manjano wenye urefu wa mtu, usishangae. Ni alama ya mashabiki tangu miaka ya 70, na inasimuliwa kuwa ilianza na kiongozi wa nyimbo aliyeshika mswaki kuongozea kwaya ya jukwaani.

Kama umepangiwa mji mwingine, tafuta 1975 ya huko. Bergen waulize habari za Brann kukaa bila ubingwa kutoka 1963 hadi 2007. Trondheim waulize Rosenborg iliyotwaa ligi mara 13 mfululizo, 1992 hadi 2004, na ilivyokuwa kwenda San Siro mwaka 1996 na kuitoa Milan. Hao usiwaulize sana habari za sasa.

Na kama una watoto, waandikishe kwenye timu ya mtaa mapema. Huku timu za watoto zinaendeshwa na wazazi kwa msaragambo, na haitapita muda utapokea ujumbe wa kukupangia zamu ya kuuza kahawa na waffle pembeni ya kiwanja. Nenda. Foleni ya waffle ina wazee wengi, na dakika tano za kusubiri unga uive zinatosha kabisa kwa swali moja.