Kazi Mbarara au kubaki Kampala? Nakujibu kwa niliyoyapitia Arua

Ndugu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu limenigusa mahali. Umemaliza digrii ya uhasibu hapo Kampala, nyumbani kwenu ni Tororo, umepata kazi Mbarara ya shilingi 900,000 za Uganda kwa mwezi, na wakati huohuo kuna ofisi Kampala inayokupa 400,000 na ahadi ya "tutaona". Mama anataka urudi nyumbani. Unauliza: uhame au usihame?

Tuanze na hesabu, wewe mwenyewe ni mhasibu. Hizo 900,000 hutazishika zote. Kwenye PAYE, yaani kodi ya mshahara, 235,000 za mwanzo haziguswi, lakini kila kinachozidi 410,000 kinakatwa asilimia 30. Ukipiga hesabu yote, kodi inaondoka na 172,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, wanachukua asilimia 5 yako, yaani 45,000. Mkononi unabaki na 683,000. Mwajiri naye anatakiwa kukuongezea asilimia 10 kwenye NSSF, na hiyo uhakikishe inafika. Usingoje mpaka siku unaacha kazi ndipo ugundue akaunti ni tupu.

Zile 400,000 za Kampala je, ni mshahara au ni posho? Hujasema. Kama hakuna barua ya ajira, hakuna NSSF, na unalipwa siku bosi akikumbuka, basi hapo hujaajiriwa. Unajitolea na kurudishiwa nauli.

Hesabu lakini haikutosha kuniokoa mimi, kwa hiyo nikueleze kilichotokea.

Mimi ni wa Busia, upande wetu huu wa mpaka. Nimekulia Kiswahili cha sokoni na cha madereva wa malori. Nilimaliza mwaka 2019, ununuzi na ugavi, nikabaki Kampala kama wote, kwenye muzigo mmoja (chumba cha kupanga) pale Kireka, 200,000 kwa mwezi, choo tunachangia nyumba sita. Korona ikaja, kazi zikafungwa. Kiganda changu kilikuwa cha kuombea chakula tu. Usiku mmoja nilimwambia mtu wa boda kwa Kiswahili anipeleke Kireka, akacheka, akaniuliza, "Afande, unatoka kambi gani?" Kwa wenyeji wengi wa Kampala, hasa wazee, Kiswahili bado kina harufu ya bunduki na vizuizi vya barabarani vya miaka ya sabini. Hawakuchukii, ila bei inapanda kidogo na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Mapema 2021 nikapata kazi Arua, msaidizi wa ghala kwenye shirika lililokuwa likihudumia wakimbizi. Sikufikiria hata siku mbili. Nilinunua godoro jipya Kampala kwa sababu nilidhani huko sitapata la maana (ujinga wa mtu asiyewahi kuvuka daraja la Karuma kwenda kaskazini), nikalilipia nauli yake kwenye buti la basi la usiku. Tulivuka mto Nile hapo Karuma gizani, tukauvuka tena Pakwach, na saa kumi na moja alfajiri nikashushwa stendi na godoro langu limefungwa kamba kama mbuzi.

Asubuhi ile niliingia sokoni kutafuta chai. Mama mmoja muuza samaki wakavu akanisalimia Kilugbara, nikabaki nimeduwaa, akabadilisha papo hapo: "Umetoka wapi na godoro, mwanangu?" Kwa Kiswahili! Nilikaribia kumkumbatia. Arua Kiswahili kinatembea: sokoni, msikitini, kwa Wanubi, kwa wafanyabiashara wanaotoka Kongo na Sudan Kusini. Ndani ya mwezi nilikuwa na mahali pa kukopa sukari. Chumba na sebule nilipata kwa 150,000, na mama mwenye nyumba akinifundisha kula enyasa (ugali wao) na angara (samaki wakavu). Umeme ulikuwa wa kubahatisha, West Nile, yaani eneo lote la Arua, wakati ule ilikuwa bado haijaungwa kwenye gridi ya taifa, lakini niliuzoea kama mtu anavyomzoea jirani mlevi.

Nasema haya ili usidhani nina kinyongo na mikoani. Miaka ile minne ndiyo iliyonifanya mtu. Niliweka akiba, nikasomesha mdogo wangu. Mji mdogo unakupa kitu ambacho Kampala haikupi: ukikosea watu wanakuambia, na ukifanya vizuri jina lako linafika mbele yako.

Gharama ambayo sikuihesabu ilikuwa umbali. Juni 2021 serikali ilipofunga tena nchi na kupiga marufuku kusafiri kati ya wilaya, bibi yangu alifariki Busia. Nilifuatilia mazishi kwenye simu, mtandao ukikatika kila wanapoanza kuimba. Hata bila korona, kutoka Arua hadi kwetu nilikuwa napitia Kampala kwanza halafu naanza safari nyingine. Wewe hali yako ni hiyohiyo: Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270, kisha kuna zaidi ya 200 hadi Tororo. Kila msiba, kila harusi, kila mama akisema "naumwa kidogo tu", ni siku mbili za barabara na nauli mara mbili. Iweke kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya nyumba.

Kilichonimaliza kabisa kilikuwa kingine. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mradi wetu ulikuwa unakula kwenye chungu hicho. Mkutano wa kutuambia ulichukua kama dakika kumi. Wenzangu waliondoka wiki hiyohiyo, mimi kwa kuwa ni mtu wa ghala nikaambiwa nibaki wiki mbili nihesabu mali. Basi nikawa napita chumba kwa chumba na daftari: meza, makabati, pikipiki, turubai, jenereta. Nikafika kwenye meza yangu. Nikainama, nikasoma namba ya kibandiko chini ya kiti nilichokikalia miaka minne, nikaandika: kiti cha magurudumu, kimoja, hali nzuri. Nikasaini.

Jumatatu iliyofuata nikachapisha CV ishirini na kuanza kuzunguka mji. Arua ina vibao vingi vya mashirika, nikajiambia siwezi kukosa. Kwenye geti la tatu nikakuta benchi la askari, na juu yake wamekaa watu watatu wa ofisi yetu, bahasha mkononi. Nikawa wa nne. Hatukusalimiana, tulicheka tu. Ndipo nikaelewa kwamba wale waajiri thelathini niliokuwa nikiwahesabu kwenye vibao walikuwa, kwa kazi yangu mimi, karibu mwajiri mmoja. Bomba moja lilifungwa, mabeseni yote yakakauka siku moja.

Kwa hiyo swali ninalotaka ulijibu kabla ya yote ni hili: kazi hii ikifa Ijumaa, Jumatatu utagonga mlango wa nani palepale Mbarara, na pesa za huyo zinatoka mfuko mwingine kweli?

Na nikijaribu kukujibia, naona Mbarara ina unafuu kuliko Arua yangu. Ule ni mji wa maziwa, kuna viwanda vya kusindika na vyama vya wafugaji. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, hospitali ya rufaa, shule za bweni, benki, SACCO, mahoteli, na malori ya kwenda Rwanda na Kongo. Mifuko hiyo haitegemeani yote, na kila mmoja unahitaji mtu wa vitabu. Mhasibu ana bahati hiyo, hata muuza saruji anamhitaji. Mimi mtu wa ghala za mashirika sikuwa nayo. Wewe usiishie kuniamini, andika kwenye karatasi majina matano ya ofisi za huko ambazo zingeweza kukuajiri. Ukishindwa kufikisha matano, umeshapata jibu.

Kiswahili chako cha Tororo ndicho kitapwaya. Mbarara watu wanaongea Kinyankole, ofisini, kanisani, kwenye taksi, na utani wote uko humo. Ukijifunza salamu wiki ya kwanza na ukakubali kuchekwa, utavuka. Ukijificha kwenye Kiingereza, miaka miwili itapita wakikuita mgeni.

Kabla hujasaini chochote, panda basi uende siku tatu, katikati ya wiki. Usilale hotelini, tafuta hata rafiki wa rafiki uliyesoma naye. Tembea kutoka ofisini hadi kwenye vyumba unavyoweza kulipia, tembea saa moja jioni, siyo saa nne asubuhi. Halafu, hili watu hawalifanyi, mtafute aliyekalia kiti hicho kabla yako. Mpigie. Akikwambia aliondoka akaenda pazuri zaidi, vizuri. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, muulize mshahara ulikuwa unaingia tarehe ngapi.

Usisahau pia kwamba ukitoka Kampala, Kampala inakusahau. Mimi niliporudi nilikuwa na namba za watu zaidi ya mia mbili. Waliopokea simu ni wachache, na waliouliza "unataka nini" kabla ya "habari" ndio wengi. Nililala kwenye kochi la kaka yangu Bweyogerere miezi mitano, nikisikiliza foleni ya barabara ya Jinja kuanzia saa kumi na moja. Aliyenitoa pale ni kijana niliyepanga naye chumba Banda tukiwa wanafunzi. Hatukuwa marafiki wa karibu, ila kila Idi nilimtumia salamu na kila Krismasi alinitumia. Basi. Yeye ndiye aliyesikia kwamba ghala moja Namanve linatafuta mtu, na hapo ndipo nilipo hadi leo. Kwa hiyo ukienda, wachague watu kumi wa Kampala usiowaacha. Kumi wanatosha.

Mama yako sitambishia. Ila kumwambia mama "nitarudi Desemba" na kurudi kweli Desemba kunamtuliza kuliko kurudi nyumbani sasa na kukaa sebuleni ukingoja kiwanda cha saruji cha hapo Tororo kitangaze nafasi.

Ningekuwa wewe? Kama Mbarara wanakupa barua yenye muda usiopungua mwaka mmoja, na majina matano umeyapata, ningeenda. Ningepanga chumba kimoja tu, nisinunue kabati wala televisheni mwaka wa kwanza, na mshahara wa mwezi wa kwanza ningeuweka pembeni kama nauli ya kurudi, nisiuguse hata nikiona viatu. Kama mkataba ni wa miezi mitatu, au wanasema barua "inakuja", baki hapo Kampala uzibane hizo 400,000 huku ukisoma CPA, mitihani ya uhasibu wa kitaaluma, na kuendelea kutafuta, kwa sababu kuhama kwa kazi ya miezi mitatu ni kulipia gharama zote za kuhama ili upate robo ya faida.

Nijibu hayo mawili, muda wa mkataba na kama 400,000 ni posho. Jumamosi natoka ghalani saa saba mchana, nitasoma.

Godoro langu, kwa atakayeuliza, bado liko Arua. Niliondoka na begi moja. Mama mwenye nyumba amelisimamisha ukutani kwenye stoo, na kila baada ya mwezi ananipigia kuuliza kama aliuze. Namwambia asubiri kidogo.