Re: Nyara za mteja zimekwama stoo mwezi wa tano sasa, nifanyeje?

Mambo mkuu. Kama nimekupata vizuri, mteja wako Mmarekani aliwinda msimu uliopita akapata nyati na chui, mzigo uko stoo hapa Arusha na jamaa wa stoo kila ukipiga anakwambia "kibali bado".

Muulize kwanza, kibali cha upande upi? Chui yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; hicho kiambatisho ndicho chenye masharti makali zaidi), kwa hiyo huku hawatoi kibali cha kusafirisha mpaka nchi ya mteja itoe cha kuingiza, na hicho anaomba mteja mwenyewe huko kwao, idara yao ya Samaki na Wanyamapori. Mimi nilipanda daladala miezi mitatu kwenda kuulizia kumbe mzungu hata fomu hajajaza, yuko anasubiri mimi nami namsubiri yeye!

Nyati hayuko CITES kabisa, so mwambie wa stoo atenganishe, nyati atangulie na karatasi zake, zikiwemo hati ya umiliki na cheti cha daktari wa mifugo.

Halafu nenda mwenyewe ukaione ngozi. Ile tagi iliyofungwa kwenye ngozi ya chui isome namba kwa namba na karatasi, yangu ilikuwa na 7 karatasini ikasomeka 1, wino ulishalowa chumvi ya ngozi, tukarudi mwanzo. Angalia pia kibali cha uwindaji kina sahihi ya mwindaji bingwa na ya askari wa wanyamapori aliyekuwa nao porini.

Na akitokea mtu anasema ana njia ya mkato TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania), usimpe hata buku.