Kabla hujashusha giaboksi

Wewe uliyeanza kazi ya gereji juzi hapa Nairobi, haitapita muda utaletewa gari la otomatiki na mwenyewe akwambie: "Fundi, nikikanyaga mafuta injini inalia lakini gari haiendi." Usikimbilie spana.

Niliwahi kushusha giaboksi ya Hiace ya viti 14 kwa malalamiko hayo hayo. Tulipoifungua, klachi zote zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye paipu ya kupoza oili, karibu na rejeta, ikivuja tone kwa tone. Mwenye gari alikosa kazi siku tatu, na mpaka leo linaniuma.

Siku hizi naanza kwa kuuliza. Giaboksi inateleza, yaani injini inalia lakini nguvu haifiki magurudumuni, ikiwa baridi au ikipata moto? Gia zote au moja tu? Ikiteleza gia zote, fikiria presha: oili imepungua, filta imeziba, au pampu imechoka. Ikiwa ni gia moja, tafuta klachi ya gia hiyo, sili zake au solenoidi yake, ile vali ya umeme inayopitisha oili. Inayoteleza asubuhi kisha ikashika ikipata moto mara nyingi sili zake za mpira zimekauka. Inayosumbua jioni kwenye foleni ya Waiyaki Way, oili imekuwa nyepesi kwa joto na presha inavuja ndani.

Kisha pima oili ya giaboksi. Toyota nyingi zenye dipstiki hupimwa injini ikiwaka, imepata moto, umeshapitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Inuse: harufu ya kuungua ni klachi. Usijaze kupita alama, kwa sababu oili ikizidi hupigwa ikawa povu, na povu halina presha. CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ina oili yake. Usiitilie ya giaboksi ya kawaida hata mteja akikubembeleza.

Jaribio ninalolipenda ni la kubana breki. Injini ikiwa moto, weka mawe kwenye magurudumu, vuta handibreki, kanyaga breki kabisa, tia D ya kwenda mbele, kisha mafuta mpaka chini. Usipitishe sekunde 5. Mshale wa resi, unaoonyesha mizunguko ya injini, ukipita kiwango cha mtengenezaji, kuna kuteleza. Iache ipoe kwenye N dakika mbili, urudie kwa R ya kurudi nyuma. Ikizidi kwenye D peke yake, shuku klachi ya kwendea mbele. Ikizidi kote, shuku presha. Ila kumbuka tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa asilimia 15 hivi. Mshale ukisoma chini kidogo ya kitabu, usiilaumu toki konvata, inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili. Ukisoma sawasawa na kitabu, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Isome pia kompyuta ya gari kwa mashine. Kodi ya hitilafu P0730 inakwambia uwiano wa gia si sahihi, haikwambii kwa nini.

Mwisho fungua sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi. Vumbi laini jeusi kwenye sumaku ni la kawaida. Ukikuta vipande vya klachi au chuma kinachong'aa, sasa mwite mteja aone kwa macho yake, mkubaliane bei, ndipo ushushe.