Re: Bima kubwa ya Subaru Impreza WRX, nipunguzeje gharama?

Salamu mkuu. Nimekuelewa: WRX yako umeithamini milioni 25, kampuni ya kwanza imekutajia bei ya kutisha, na sasa unafikiria ukate bima ndogo tu, ile inayowalipa wengine uliowasababishia hasara lakini si gari lako.

Anza na hesabu. Bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani 875,000, halafu VAT ya asilimia 18. Jumla 1,032,500. Ukitajiwa zaidi ya hapo, waambie wakuandikie nyongeza ni ya nini. Inaweza kuwa ni turbo. Uliza pia kiasi unachojilipia mwenyewe kwanza gari likipata ajali. Hicho kiasi ndicho mimi hubishania kuliko kitu kingine, maana kwenye gari la mbio kinaweza kumeza fidia yote ya bampa.

Mimi hupitia kwa dalali wa bima mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, anipatie bei za kampuni kadhaa kwa mkupuo. Gari kulala ndani ya geti na kufungwa GPS kunasaidia kwenye mazungumzo.

Usishushe thamani ili ulipe kidogo. Siku ya madai watakukata kwa uwiano uleule. Rimu na ekzosi ulizobadilisha zitaje kwenye fomu, tafadhali, hata wasipokuuliza.

Magari ya rali sijawahi kuyakatia, hayo waulize wenyewe. Ukishalipa, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA siku hiyohiyo.