Nchi Haikufungwa, Nesi Alifungiwa

"Shikamoo dada. Nimepangiwa kituo, nimepanga chumba kimoja, nina mke na mtoto wa miezi minne. Likija gonjwa jingine kama korona, mtu unaishije na watu? Mama mkwe ameshasema siku nikiingia wodi ya kutenga wagonjwa, binti yake anarudi Nachingwea."

Ujumbe huu wa kijana anayeanza kazi ya afya umeingia juzi nikiwa zamu ya usiku, saa tisa, ile saa ambayo hata mbu wamechoka. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, nikakumbuka mto wangu wa kulalia wa 2020.

Marahaba, mdogo wangu. Jibu ni refu, vuta kiti.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Yalikuwa mambo ya Arusha hayo, na huku Mtwara tulisema Arusha ni mbali. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa, jirani yetu wa Ruangwa, akafunga shule. Kenya wakawekewa kafyu, Rwanda na Uganda wakafungiwa majumbani, sisi Rais Magufuli akakataa kabisa habari ya kufungia watu ndani. Soko likaendelea, ming'oko ikauzwa, mabasi ya Dar yakaingia kila siku. Kama ilikuwa sawa au si sawa, wabishane wenye nafasi. Ninachojua ni kwamba nchi haikufungwa, mimi nilifungiwa, na aliyenifungia hakuwa serikali.

Nilikuwa nimepanga Magomeni ya hapa Mtwara, nyumba ya vyumba sita, uwani bomba moja na bafu moja. Kabla ya korona nilikuwa sista wa nyumba nzima. Mtoto akichemka usiku, mlango wangu. Bibi wa chumba cha mwisho kichwa kinamgonga, mlango wangu, nampima presha na soda siombi. Mwezi wa nne nikatoka zamu nikakuta ndoo yangu imeondolewa kwenye foleni ya bomba, imewekwa peke yake chini ya mwembe. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake kamba ya kuanikia: kanga zao zote zimehamia upande wa pili wa uwa, sare yangu nyeupe inapepea yenyewe kama sanda.

Siku ya tatu akaja mama mwenye nyumba. Huyu nilikuwa namwita mama, na shikamoo yake haikunipita hata nikiwa na haraka ya gari. Alisimama mbali na kizingiti, pembe ya kanga ameiziba puani.

"Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Ila wapangaji wanasema. Tafuta pa kwenda japo mwezi mmoja, likipita utarudi."

Kodi nilishalipa ya miezi sita. Nikamjibu, "Sawa mama." Nikaingia ndani nikalia, nilipomaliza nikaloweka sare, maana kesho yake nilikuwa na zamu.

Wiki ile ile nikapata homa. Ilikuwa malaria, kipimo kilionyesha, lakini ilikuja na kikohozi. Nyumba zetu mnazijua, dari hakuna, jirani akigeuza godoro unasikia. Basi usiku nilikuwa nazika uso kwenye mto, nakoholea humo. Asubuhi mto umelowa. Muuguzi niliyesomea kuzuia maambukizi, naficha kikohozi kama mtu aliyeiba kuku.

Nina mwenzangu tuliyesoma naye chuo, yuko Uingereza, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kule walifungiwa kweli, tangu 23 Machi: unatoka kununua chakula, kutafuta matibabu, kufanya mazoezi mara moja kwa siku, au kazi isiyowezekana kufanyika nyumbani. Na kila Alhamisi saa 2 usiku watu walitoka milangoni kuwapigia makofi wahudumu wa afya, wengine wanagonga masufuria. Alinirekodia sauti akanitumia. Niliisikiliza chini ya ule mwembe na nasema kweli, niliona wivu. Waziri Mkuu wao, Boris Johnson, alilazwa chumba cha mahututi, akatoka akiwataja kwa majina wauguzi wawili waliokesha naye. Nikamwambia shoga, nyie mnapendwa. Akacheka kicheko kibaya. Watu aliopanga nao walikuwa wamemwachia karatasi jikoni, juu ya birika: tunaomba utafute pengine. Wale wale wa Alhamisi.

Hapo ndipo nilipoacha kuwachukia majirani zangu. Kidogo.

Sasa sikiliza, kijana, hapa ndipo ushauri wenyewe ulipo. Kilichoniokoa hakikuwa uvumilivu, ilikuwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, wanaume wawili wa nyumba ile walirudi kutoka shambani Nanyamba, vitambaa bado vinaning'inia shingoni. Nikawauliza kwa sauti, uwa mzima usikie:

"Hicho mnafungia nini?"

"Sista, salfa inaingia kifuani."

"Na mkirudi mnafanyaje?"

"Tunavua nje, tunaoga, nguo za salfa hazilali na watoto."

"Basi na mimi ni hivyo hivyo."

Kimya. Nikawachukua mpaka nyuma ya bafu, penye uzio wa makuti. Nikawaonyesha: ndala za kazini hazifiki hapa, zinabaki kituoni. Sare naivulia hapa, inaingia kwenye beseni la maji ya jiki kabla sijagusa kitu. Nanawa kwenye ndoo yenye koki, naoga, ndipo nagusa kitasa. Walisimama kutazama kama vijana wanaochungulia unyago. Jioni ile bibi wa chumba cha mwisho akanisogezea kigoda.

Mwezi mzima nilikuwa nafanya hayo yote na sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja! Nilidhani wanajua. Watajuaje? Wao wanaona mtu anatoka kwenye wagonjwa anaingia kwenye bafu lao. Kwa hiyo ongea. Ongea na mke kabla hujapangiwa wodi, ongea na mama mkwe, ongea na mwenye nyumba. Waonyeshe beseni, usiwahubirie. Na ukishaongea, rudia.

Weka pia akiba ya kodi ya chumba kingine, japo mwezi mmoja. Hilo sina maelezo marefu.

Na usitoe ushauri bila kuuliza bei yake. Mama yangu anaishi Newala, na kule juu maji mtu anayanunua kwa ndoo. Nilimtumia ndoo yenye koki na maneno mengi ya kunawa kila saa. Akanipigia: "Mwanangu, maji ya kunawa kila saa nayanunua na nini?" Nilinyamaza kwenye simu mpaka salio likaisha.

Ya shule sitaki kuyaandika sana. Madarasa ya chini walikaa nyumbani hadi 29 Juni. Miezi iliyofuata walianza kuja kliniki ya wajawazito mabinti ambao Februari walikuwa darasani. Mmoja alikuja na bibi yake, kadi ya kliniki ameikumbatia kifuani kama daftari. Enzi hizo mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule ya serikali, ruhusa ya kurudi ilitoka Novemba 2021.

Wauguzi wenzangu, hapa nawasema na mimi nimo. Tunapenda kuwasha mishumaa tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, tunasoma kiapo, tunapiga picha, tukirudi mtaani tunanyamaza. Mwaka 2021 ulipoanza korona tukaiita "changamoto ya upumuaji" mpaka tukaizoea, wagonjwa wanabanwa na sisi tunatafuta neno laini la kuandika. Homa ya Marburg, gonjwa jingine la kuambukiza, ilipoingia Kagera Machi 2023, mhudumu wa afya alikuwemo kwenye waliokufa. Mnategemea jirani aelewe kazi hii kwa kutuangalia tukipita na mkoba? Acheni kununa. Mtu aliyekuogopa hana roho mbaya siku zote, mara nyingi hana habari. Nimelisema hili kwenye vikao vyetu mpaka naitwa mama mahubiri, na nitalisema tena.

Sikuhama. Nasema kwa majivuno, nisameheni. Miezi yangu sita niliimaliza na nikalipa mingine.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera, dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona ya Janssen zikiwa zimefika kutoka Marekani. Chanjo ilipotufikia huku, aliyegonga mlango wangu alfajiri alikuwa mama mwenye nyumba.

"Sista, hii sindano wewe umechomwa?"

"Nimechomwa, mama."

"Basi nipeleke."

Nikampeleka, tumekaa bajaji moja, bega kwa bega. Ile habari ya ndoo chini ya mwembe ilinifika mdomoni mara mbili nikaimeza. Wakati wa kurudi akaniuliza kama ile ndoo yangu ya koki bado ipo. Jumamosi ana harusi ya mwanawe, wageni wengi, pa kunawia hapatoshi.

Nilimpa, na sabuni juu yake.