Nyanya zenye unga mweupe, na dumu lililokuwa la dawa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama lishe hapa Dodoma. Nyanya nanunua kwa tenga kwa kijana anayezileta kutoka Ilula. Siku hizi zinakuja na unga mweupe, ukizishika mikono inabaki na vumbi. Naziloweka nusu saa kwenye maji yenye sabuni ya unga na kifuniko kimoja cha Jik, halafu nasuuza. Mteja mmoja kaniambia sabuni nayo ni sumu, mwingine anasema siki ndiyo inayotoa dawa. Nifuate lipi? Na zikishapikwa, sumu si inakufa na moto? Maji ya kupikia ni safi, nahifadhi kwenye dumu la lita 20 nililouziwa bei nafuu. Lilikuwa la dawa ya shambani lakini nimelisugua kwa maji moto na mchanga mpaka harufu ikaisha.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza kuhusu nyanya, nami nitakujibu, lakini kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hilo dumu. Nakuomba leo hii, kabla hujabandika sufuria nyingine, mwaga maji yaliyomo na usiliwekee tena kitu chochote cha kula wala kunywa.

Plastiki si kama glasi. Viuatilifu, yaani dawa za shambani, vingi vya maji hutengenezwa kwa viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia dawa) vyenye asili ya mafuta, na viyeyusho hivyo huingia ndani ya plastiki vikiwa vimebeba dawa. Ulichokisugua wewe ni uso wa ndani tu. Kilichozama kwenye ukuta wa dumu bado kimo, na kinatoka kidogo kidogo kila unapojaza maji. Ukiweka mafuta ya kula ndiyo kinatoka kwa kasi zaidi. Mchanga nao umeacha mikwaruzo ambamo uchafu unajificha. Na pua isikudanganye: mara nyingi harufu tunayoiita harufu ya dawa ni ya kiyeyusho, ambacho hupeperuka mapema, dawa yenyewe ikabaki.

Wengi wataona nakutisha bure, kwa hiyo nikukumbushe jambo lililotokea India. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar, watoto wa shule ya msingi walipewa chakula cha mchana shuleni. Watoto 23 walikufa. Maabara ilikuta monokrotofosi, dawa ya wadudu ya shambani, kwenye mafuta yaliyopikia chakula hicho na kwenye chombo yalimokuwa. Mpishi mwenyewe alikuwa ameyatilia shaka mafuta hayo. Huwa nawasimulia kisa hiki mafundi wa kupiga dawa kila ninapokutana nao, na bado nakuta vyombo vya dawa vimepangwa sokoni vikiuzwa kama ndoo za maji.

Nadhani dumu lako halina tena lebo, kwa hiyo hatuwezi kujua lilibeba nini. Lebo ingekuwapo, ungetazama utepe wa rangi chini yake: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye ukali mdogo. Hata kijani haimaanishi chombo kinafaa kwa maji ya kunywa. Litoboe, usimpe mtu wala kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu na plastiki, maana litarudi sokoni. Usilichome pia, moshi wake ni mbaya. Kamwone afisa kilimo wa kata yako, au wasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), wenye makao makuu Arusha, wakuelekeze pa kulipeleka. Kwa maji ya kupikia tafuta dumu lililokuwa la mafuta ya kula.

Kama kuna mtu kwako au mteja aliyepata kutokwa na mate mengi, jasho, kutapika, tumbo kukata, misuli kucheza au mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, hizo ni dalili za sumu za kundi la organofosfati. Mwahisheni hospitali. Msimnyweshe maziwa wala kumlazimisha kutapika, kwani anaweza kupaliwa na uchafu ukaingia kwenye mapafu. Hospitalini watajieni chombo kilichotumika.

Sasa nyanya. Unga unaouona, kwa nyanya za kwetu, mara nyingi ni mankozebu, dawa ya kuzuia ukungu. Wakulima wanaitegemea sana wakati wa mvua, kwa sababu bakajani likiingia shamba linaweza kuisha ndani ya wiki. Haiingii ndani ya tunda, inakaa juu ya ngozi, ndiyo maana mikono yako inabaki na vumbi. (Ule unga wa kabichi ni kitu kingine, ni nta ya kabichi yenyewe, usiuogope.) Chukua nyanya moja uitazame karibu: vumbi haliko sawasawa. Limekusanyika kwenye shimo la kikonyo, na chini pale tone la mwisho la dawa lilipokauka likaacha duara. Hapo ndipo kidole gumba kinapotakiwa kufanya kazi.

Sabuni ya unga acha. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo, na tunda linainywa. Pale kikonyo kilipong'oka pana kovu lenye vitundu, na nyanya iliyopigwa jua kwenye gari ikitumbukizwa kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo inasinyaa na kuyavuta maji ndani kupitia hapo, pamoja na sabuni, Jik na dawa iliyoyeyuka. Kwa hiyo kuloweka nusu saa kunaweza kukurudisha nyuma. Jik inaua vijidudu, haikuwekwa kwa ajili ya kuondoa dawa ya shambani. Na ukiwa nayo jikoni, usiikutanishe kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, nayo inachoma mapafu.

Fanya hivi: acha nyanya zipoe kivulini. Zipitishe moja moja kwenye maji yanayotiririka huku unazisugua kwa mikono, hasa kwenye kikonyo na kwenye lile duara. Kama huna bomba, tumia mabeseni mawili na ubadilishe maji yakianza kuwa na wingu. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2017 ulikuta kuosha nyanya kwa maji matupu kunapunguza mabaki ya dawa za kundi la mankozebu. Ukitaka kuongeza nguvu, tumia bekingi soda, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Watafiti wa Massachusetts, Marekani, waliijaribu kwa matufaha mwaka 2017, na baada ya dakika 12 hadi 15 dawa iliyokuwa juu ya ngozi ilikuwa imeondoka. Siki haina ubaya, ila itakugharimu bila sababu.

Kuhusu moto umekosea, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mankozebu haifi jikoni. Ikipikwa, sehemu yake inageuka kuwa kitu kiitwacho ethilini thiourea, ambacho kwa wanyama wa maabara kimeonekana kuvuruga tezi ya koo. Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutohuisha tena idhini ya mankozebu, na madhara kwa homoni na uzazi yalikuwa miongoni mwa sababu. Nyanya isiyooshwa ikiingia kwenye blenda kisha kwenye mchuzi, umepeleka unga wote chunguni. Osha kwanza. Ukiwa na nafasi, zitumbukize kwenye maji ya moto kidogo umenye ngozi, ambako ndiko mankozebu ilikokaa.

Ila kuna dawa ambazo hakuna beseni litakalozitoa, zile zinazopita ndani ya mmea kama imidakloprid. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, wakulima wanapiga dawa mara nyingi kuliko zamani, kwa sababu mdudu huyo anachimba ndani ya jani na tunda. Hizi zinaondolewa na siku tu. Kila lebo inataja idadi ya siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna, na mkulima anayevuna kesho yake anakuuzia dawa pamoja na nyanya.

Wewe una bahati kubwa, dada, unamjua anayekuletea. Akija na tenga la Jumatatu, muulize: dawa ya mwisho ilipigwa lini, na ni ipi? Akijibu "jana jioni, bosi alitaka ziwe na rangi nzuri", mrudishie tenga lake. Mteja wa tenga moja kila wiki ana sauti kwake kuliko mimi.