Kwa mnaoanza kutetea akina mama walioshtakiwa kwa dawa za kulevya wakiwa wajawazito

Wadogo zangu mnaoingia ofisi za utetezi huko Marekani, hasa majimbo ya kusini, jalada la namna hii halitachelewa kufika mezani kwenu: mama amejifungua, mkojo umepimwa, hospitali imetoa taarifa, askari wamemfuata wodini. Nimekuwa msaidizi wa mawakili kwa miaka mingi, na haya ndiyo ningetamani mtu angeniambia siku ya kwanza.

Anzeni na neno "mtoto". Kesi nyingi kati ya hizi hazifunguliwi kwa sheria inayotaja ujauzito, bali kwa sheria ya kulinda watoto iliyovutwa hadi tumboni. Sheria ya Alabama ya 2006 ilitungwa kuwalinda watoto wanaoingizwa kwenye nyumba zinazopikwa methamfetamini, dawa kali ya kulevya. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema "mtoto" ni pamoja na aliye tumboni. South Carolina ilikuwa imeshafika huko mwaka 1997, kwa mimba iliyofikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo. Florida mambo yalikwenda kinyume. Mwendesha mashtaka alidai mama alimpa mtoto kokeini kupitia kitovu, katika muda mfupi kabla hakijakatwa. Mama huyo alitiwa hatiani 1989, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta hukumu hiyo 1992. Tennessee ilitunga sheria ya waziwazi ya kuwashtaki akina mama hawa 2014, ikaisha muda wake 2016. Kwa hiyo msibebe hoja ya jimbo moja mkaitua jimbo jingine bila kuikagua.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilisoma ripoti ya polisi kabla ya kitu kingine chochote, nikaenda rumande nimeshaiamini. Nikamuuliza mteja, "Ulianza lini kutumia?" Akainamisha kichwa, na siku ile hakusema neno tena. Kumbukumbu za hospitali zilipokuja ndipo tulipoona kwamba kipimo kilichomtia pingu kilikuwa cha awali tu, maabara haikuwahi kukithibitisha. Na vipimo vya awali hukosea. Labetaloli, dawa ya presha wanayopewa wajawazito, inajulikana kufanya kipimo kionyeshe amfetamini, dawa ya kulevya, hata kwa asiyeitumia. Mbegu za mpopi kwenye mkate zinaweza kuonyesha afyuni mkojoni. Yule mama alikuwa na presha. Mpaka leo naumia nikikumbuka swali langu.

Ombeni kumbukumbu za hospitali mapema, kisha mtafute nani aliagiza mkojo upimwe, kwa sababu gani, na mama alitia saini karatasi ipi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Jiji la Charleston, iliamua kwa kura 6 kwa 3 kwamba hospitali ya serikali haiwezi kuwapima wajawazito bila ridhaa yao ili majibu yapelekwe polisi. Kukubali kutibiwa si kukubali kuchunguzwa kwa ajili ya mashtaka. Tena sheria ya shirikisho inayotaka idara ya watoto iarifiwe kuhusu mtoto mchanga aliyeathiriwa na dawa inasema yenyewe kwamba taarifa hiyo hailazimishi mtu ashtakiwe.

Kama bado ni mjamzito na yuko ndani, acheni makaratasi kwanza. Muulizeni kama ana arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea. Mjamzito aliyezoea heroini au vidonge vya afyuni hakatishwi ghafla. Madaktari humpa methadoni au buprenofini, dawa za tiba zinazozuia arosto, na jela isiyompa inamhatarisha yeye na mimba yake. Pigeni simu siku hiyo hiyo. Mtoto akizaliwa na arosto kutokana na methadoni ya mama, hali hiyo inatarajiwa na inatibika. Msimwite "mtoto mraibu" kwenye andiko lolote, hata mnaponukuu upande wa pili kwa haraka.

Jambo la mwisho ni mahakama ya watoto, ambayo mara nyingi huendesha kesi yake sambamba na ya jinai. Mama atataka kueleza kila kitu kule ili arudishiwe mwanawe, na maneno hayo yanaweza kumgeukia kwenye jinai. Mwambieni hivyo kabla hajakutana na afisa wa ustawi. Mimi siku hizi namuuliza kwanza mtoto anaitwa nani, na amemwona lini mara ya mwisho. Wengi huanza kuongea hapo.